Ngisi wa Upepo

Kengele ililia mara moja, kisha mlango ukapigwa kwa kiganja, kama anavyopiga mtu aliyekasirika tangu ngazi za chini.

Rawia alifungua akiwa na kanga ya jikoni kiunoni na ukungu wa usingizi bado machoni. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, na nyumba nzima ilinuka samaki wa kukaanga, harufu iliyopanda kutoka dukani kwa baba yake, chini kabisa ya jengo. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua. Alivaa abaya jeusi lililopigwa pasi vizuri, miwani imemteleza puani kwa jasho, na mkononi ameshika mfuko mweusi wa plastiki uliokuwa ukidondosha maji kizingitini.

"Lifti yenu imekufa," mwanamke alisema.

"Imekufa zamani, mama. Pole kwa ngazi. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta huyo anayekaanga ngisi kwa upepo."

Rawia akaushika ukingo wa mlango. Maneno hayo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, kwenye simu, siku aliyotaka sana kumfurahisha.

"Wewe ni Mama Hazim," alisema taratibu.

"Mimi ni Inshirah. Mama Hazim wananiita watu wanaonipenda."

Mtaa wote wa Anfushi ulimjua Bi Inshirah kwa jina, hata wale ambao, kama Rawia, hawakuwahi kumwona sura. Mwaka juzi alisimama mbele ya duka la Fundi Abul-Ela, baba yake Rawia, Ijumaa kama hii, mkono tumboni, akaitangazia foleni kwamba mafuta ya fundi ni meusi kama lami na yamemtia sumu. Foleni ikayeyuka. Wengine hawakurudi tena. Wiki iliyofuata kijana wake Hazim, fundi wa lifti, alikuja kuomba radhi kwa niaba ya mama yake, na Fundi Abul-Ela akamfukuza kwa kijiko cha matundu. Rawia, aliyekuwa kwenye meza ya malipo, alimtazama akiondoka kichwa chini, na tangu siku ile moyo wake haukutulia. Sasa Hazim alitaka kuposa. Baba alisema hawezi kuketi sahani moja na mwanamke yule. Bi Inshirah alisema mwanawe haoi kwenye nyumba ya mafuta.

"Nani huyo?" sauti ilitoka sebuleni. Ilikuwa ya Shangazi Fikria, dada yake baba, aliyekuwa akichambua giligilani kwenye sinia.

"Mgeni, shangazi."

"Mgeni gani anakuja na mzigo unaokojoa kwenye zulia?"

"Nimekuja na ngisi wangu," Bi Inshirah alijibu huku akiingia bila kukaribishwa. "Sikutaka mtu aseme nimekula cha Abul-Ela."

Shangazi Fikria akamtambua kwa sauti. Akaliweka sinia chini polepole. "Lo. Mama wa lami. Rawia, funga madirisha, asije akautangazia mtaa kwamba na makochi yetu yana sumu."

"Shangazi, tafadhali."

"Mwache," alisema Bi Inshirah, akikaa ukingoni mwa kiti bila kuegemea. "Afadhali anayetukana kuliko anayedanganya. Mwanangu hajawahi kunidanganya mpaka alipokujua wewe. Juzi ananiambia: mama, utakula ngisi tena. Daktari alikukataza mafuta siku aliyokutoa kibofu cha nyongo, lakini Rawia ana kikaangio cha hewa, ngisi wake anavunjika mdomoni kama mkate mkavu. Nikamwambia, ngisi bila mafuta ni raba. Ananiapia. Basi leo nimemwambia anipeleke hospitali, tulipofika hapa nikamwambia asimame. Yuko chini kwenye gari. Nimemkataza kupanda. Kaanga nione."

Rawia alikuwa amenasa kwenye neno moja, na hakuwa ameliacha.

"Kibofu cha nyongo," alisema. "Kilikuwa na mawe?"

"Na yanakuhusu nini mawe yangu?"

"Mama, mawe hayaoti kwa samaki wa siku moja. Kwa hiyo yale maumivu hayakuwa mafuta ya baba."

Chini mtaani mtu aliita bei ya kaa. Bi Inshirah alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akairudisha.

"Sikuja kuulizwa maswali. Nimekuja kula."

"Ulijua lini?"

"Wewe msichana."

"Nitakukaangia," Rawia alisema, na mwenyewe akashangaa sauti yake ilivyotulia. "Lakini nikikupa ngisi anayevunjika, utashuka dukani na kuwaambia watu ukweli. Pale pale uliposimama."

Bi Inshirah alicheka kidogo, bila furaha. "Na ukinipa raba?"

"Sema wewe."

"Utampigia mwanangu simu mbele yangu. Umwambie humtaki. Kwa mdomo wako mwenyewe, asije akanilaumu mimi hadi nakwenda kaburini."

Rawia aliona uso wa Hazim kama yupo mbele yake: nyusi zake nzito, mikono yenye grisi isiyotoka kwenye kucha, namna anavyonyamaza kwanza kabla ya kusema jambo la kweli. Ilikuwa wazimu. Lakini kwa muda gani wangeendelea kupendana kwa simu, kwa kunong'ona, kama wezi?

"Nimekubali."

"Umekubali nini, punguani wewe?" Shangazi Fikria aliinuka. "Hicho kikaangio hujawahi hata kukigusa. Kiko kwenye boksi, chini ya kitanda, na vyombo vyako vingine vya harusi."

Bi Inshirah akageuka. Macho yake yakang'aa kwa mara ya kwanza. "Hujawahi kukigusa?"

Ilikuwa kweli. Rawia alikuwa ametazama kwenye simu watu wakikitumia, usiku kucha, akajiona tayari ni bingwa, akajisifu kwa mtu anayempenda. Nani hajawahi?

"Naahidi," alisema Bi Inshirah, sasa akiegemea kiti vizuri. "Na huyu shangazi yako mwenye mdomo awe shahidi."

*

Boksi lilikuwa limefungwa kwa gundi na utepe wa waridi aliofunga mama yake Rawia kwa mkono wake, mwaka aliofariki. Chombo cha bibi harusi hakifunguliwi mpaka siku ya kupelekwa kwa mumewe, ndugu na majirani wakikibeba na vigelegele. Shangazi Fikria alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kifuani.

"Ukikata utepe huo, baba yako atakukata wewe."

"Najua."

"Na watu watasema amepelekwa kwa mumewe na vyombo vilivyotumika."

"Nisipokata, hakuna mume wa kupelekwa kwake."

Rawia alikata utepe kwa kisu cha samaki.

Jikoni, Bi Inshirah alivuta kigoda, akakaa karibu mno, kama anayemlinda mwizi. Rawia alimimina ngisi kwenye beseni. Walikuwa wazuri, wabichi, ngozi yenye madoa ya zambarau. Mikono yake ilifanya kazi bila yeye. Kichwa kilitoka na utumbo wote kwa mvuto mmoja, mfuko wa wino haukupasuka, ule uti mwembamba unaofanana na kioo ukateleza nje, ngozi ikachunwa kama soksi. Akakata pete, zote sawasawa.

Bi Inshirah alitafuta kosa, akakosa. "Mkono wa dukani," alisema, kama anayetaja ugonjwa.

"Ndimu hatuna," Rawia aligundua.

Alitoka kwenye roshani na kapu la kamba, lile wanalolishushia kila siku kununulia mkate na mboga. Hazim alikuwa chini, ameegemea gari, uso juu. Hakupunga mkono. Mlango wa duka ulikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama, na sauti ya baba ilisikika ikihesabu oda za watu. Walitazamana tu, yeye juu na yeye chini, na kati yao nguo za ghorofa tatu zikining'inia. Rawia akashusha kapu, akaonyesha kwa vidole umbo la duara, akakunja uso kama aliyeonja kitu kichungu. Hazim akaelewa. Alivuka mpaka kibandani, akarudi na ndimu, akazipanga kapuni moja moja kana kwamba ni mayai. Kisha hakuiachia kamba. Aliishika kwa mikono miwili, na Rawia juu akaihisi imekaza viganjani mwake, joto, kama mkono wa mtu. Walikaa hivyo pumzi chache.

"Ndimu zinaota huko?" Bi Inshirah aliita kutoka jikoni.

Rawia akavuta kapu.

Alichanganya unga wa ngano na chumvi, bizari nyembamba, giligilani iliyosagwa, kitunguu saumu cha unga na pilipili kali. Akachukua nusu ya pete, akazikamulia ndimu, akazitumbukiza kwenye unga zikiwa bado na maji yake, kama afanyavyo baba yake tangu yeye mtoto, akazimimina zote kwenye kikapu cha mashine mpaka juu. Kwenye karai la dukani ngisi humwagwa kwa mkupuo, na mafuta hupokea yote. Akakifunga. Mashine ikaanza kuvuma.

"Inalia kama kikausha nywele," alisema Bi Inshirah.

"Wewe ulipolia mbele ya duka ulilia kama nini?" alisema Shangazi Fikria, ambaye hakuwa amealikwa jikoni.

Rawia akakivuta kikapu. Ngisi walikuwa wameshikana bonge moja, weupe, na unga umekuwa uji. Chini ya kikapu maji yalikuwa yamesimama.

Bi Inshirah alichukua pete moja, akaiuma, akaivuta. Ikanyumbuka. Akaendelea kuivuta, bila haraka, ili kila mtu aone.

"Ukiishiwa na mpira wa kufungia boksi lako, huu hapa," alisema. "Simu iko wapi?"

Simu ilikuwa juu ya meza. Rawia aliishika. Jina la Hazim lilikuwa la kwanza, kama siku zote. Machozi yakamjia, si ya kuomba huruma, bali ya hasira juu ya mikono yake mwenyewe. Akatazama tena kikapu. Yale maji. Mafuta yanayochemka huyafukuza maji. Ndiyo yale makelele ya karai. Upepo hauna makelele. Upepo unahitaji kukuta pakavu, na unahitaji njia ya kupita.

"Nusu ya ngisi bado iko kwenye beseni," alisema.

"Ahadi ni ahadi."

"Bi Inshirah," alisema Shangazi Fikria, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na mwiba, au ulikuwa umejificha. "Naamini daktari wako hakukimbilia kisu siku ya kwanza. Alikupa vidonge kwanza, vikashindwa. Mwache na huyu ashike kisu."

Bi Inshirah alitaka kujibu, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye beseni. Tangu apasuliwe alikuwa anakula kuku wa kuchemsha. Ilionekana shingoni mwake alivyomeza mate.

"Sahani moja. Si kwa ajili yako. Ngisi wangu wa gharama, siwezi kumtupa."

Safari hii Rawia hakufanya kama baba. Alitandika kitambaa safi, akakausha kila pete, ndani na nje, mpaka kitambaa kikalowa, akachukua kingine. Chumvi aliiweka mwisho, isije ikavuta maji. Unga aliupunguza, akaongeza wanga wa mahindi, akazipepeta pete kwenye chekeche mpaka vumbi la ziada likadondoka.

"Daktari amekuruhusu mafuta kiasi gani?"

"Kijiko kimoja cha zeituni kwa siku."

"Nitatumia nusu."

Akazipaka kwa ncha za vidole, akaiwasha mashine tupu ipate moto kwanza, kisha akazipanga pete safu moja, kila moja mbali na mwenzake.

Wakangoja. Hakukuwa na kitu cha kufanya ila kusikiliza upepo.

"Kwa nini mwanangu?" Bi Inshirah aliuliza ghafla. "Mafundi wa lifti wamejaa Iskanderia."

"Kwa sababu alirudi. Baba alimfukuza, na Ijumaa iliyofuata akarudi akapanga foleni kama mteja. Akafukuzwa tena. Akarudi."

"Yaani ulimpendea kukosa haya."

"Nilimpendea kubeba aibu isiyokuwa yake," Rawia alisema. "Mwenye aibu yake hakuja kuichukua."

Mashine ikalia.

Zilikuwa za dhahabu. Rawia alizimimina kwenye sahani na zikagongana, tak tak, kama kete za bao. Shangazi Fikria alisikia sauti ile akavuta pumzi. Bi Inshirah alichukua moja, akaipuliza, akaiuma. Ikavunjika. Kila mtu jikoni alisikia ikivunjika.

Akala ya pili. Akala ya tatu akiwa amefumba macho, na chozi likamtoka chini ya miwani.

"Pilipili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na chumvi imepungua." Akachukua ya nne.

*

Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo. Fundi Abul-Ela aliingia na aproni yake ya mpira, kijiko cha matundu bado mkononi.

"Kijana wa yule mwanamke yuko chini, alikuwa ameishika kamba ya nyumba yangu mbele ya wateja wangu, na mimi," alisema, kisha akakoma. Akaona boksi lililopasuliwa. Akaona utepe wa waridi sakafuni. Akamwona aliyekaa kwenye kigoda akitafuna.

"Umemkatia utepe wa mama yako," alimwambia Rawia, kwa sauti ndogo iliyomtisha kuliko kelele. "Yeye. Katika watu wote duniani, yeye."

"Baba, nisikilize."

"Na umemkaangia kwa upepo. Binti wa mkaangaji. Unajua watasemaje kesho? Watasema hata mwanawe hayaamini mafuta yake. Alichoanza huyu, umekimaliza wewe."

Rawia hakuwa amelifikiria hilo, na lilimwingia kama mwiba wa samaki.

"Abul-Ela," Bi Inshirah alianza.

"Usitaje jina langu. Simama utoke. Wewe na mwanao na mfuko wako. Na wewe, Rawia, kama unamtaka, mfuate. Sitakuzuia mlangoni, wala sitakufungulia tena."

Bi Inshirah aliinuka. Alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akarekebisha mtandio. Rawia aliutazama uso wake umefungwa kama duka, akajua yamekwisha. Nani angemtendea wema mtu aliyemfukuza kwa maneno kama hayo?

"Mama," alisema, "nimekusamehe ahadi. Sahani ya kwanza ilikuwa raba, na mimi pia sijatimiza yangu. Nenda nyumbani salama. Nimefurahi umekula."

"Nani amekuomba msamaha wako?" alisema Bi Inshirah, akampita, akampita na Abul-Ela, akatoka.

Alishuka ngazi zote na mkono ukutani. Walimfuata bila kujua kwa nini, Rawia mbele, baba nyuma yake akiuliza kuna nini, shangazi mwisho na ndara zake. Hazim alimwona mama yake akitokea, akakimbia kumpokea. Mama hakuushika mkono wake. Alikwenda moja kwa moja mbele ya duka, mahali ambapo foleni ya Ijumaa ilikuwa imejipinda hadi barabarani, akasimama kuitazama.

"Mnanijua?"

Mwanamke mmoja mwenye kikapu alimkodolea macho. "Si ndiye yule wa mafuta meusi?"

"Ndiye mimi." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nilisema Abul-Ela amenitia sumu. Hakunitia. Lilikuwa jiwe kwenye nyongo yangu mwenyewe. Daktari aliniambia wiki ile ile, nikanyamaza."

"Mwaka juzi hadi leo?" mwanamme mmoja alisema. "Na Hija umekwenda, hajjati?"

Watu wakacheka. Mtu mwingine akasema maneno yasiyofaa kuandikwa. Bi Inshirah aliyapokea yote akiwa amesimama wima, shingo imemwiva kwa wekundu hadi chini ya mtandio.

"Mafuta ya mtu huyu ni safi," alimalizia. "Yeye mwenyewe simpendi. Lakini mafuta yake ni safi."

Akageuka kumtazama Fundi Abul-Ela, aliyekuwa mlangoni na kijiko chake. Rawia alimwona Hazim upande wa pili wa foleni. Kwa mara ya kwanza hakuhitaji kujificha kumtazama, na hakujificha.

"Wa nyuma hawakusikia," Fundi Abul-Ela alisema.

"Fundi, inatosha," alisema Hazim, akimshika mama yake bega. "Mama, twende. Umeshasema."

"Niache. Niliahidi kuwaambia watu, si wa mbele peke yao."

Aliutoa mkono wa mwanawe begani. Akapita kando ya foleni mpaka mwisho wake, ambako watu walikuwa bado wanauliza nani anachekwa, akavua miwani, akavuta pumzi, akaanza tena toka mwanzo, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.